Je, kinga ya bure yatosha kompyuta ya nyumbani?

Msomaji, huenda jambo hili limekutokea hata juma lililopita. Ni jioni, mtoto anamalizia kazi ya shule kwenye kompyuta ya sebuleni, na mara dirisha jekundu linachomoza pembeni mwa kioo. Linasema kwamba kompyuta haijalindwa vya kutosha, kwamba kinga uliyo nayo ni ile ya bure, na kwamba ukilipa kabla ya usiku wa manane utapunguziwa bei kwa nusu. Chini yake pana saa inayohesabu dakika kurudi nyuma.

Hapo baraza la nyumbani huanza. Baba hukohoa na kuuliza ni pesa ngapi. Mama, ambaye hesabu za chama chake zimo ndani ya mashine hiyo hiyo, husema afadhali ilipwe tu tusije tukajuta. Kijana wa chuo, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, husema hiyo ni biashara ya watu. Kila mmoja ana hoja. Pesa zinazotakiwa si nyingi mno, lakini pia si za kutupa. Ni nauli ya siku kadhaa kutoka Githurai hadi mjini, au unga na mafuta ya kupikia. Na vitu vilivyo ndani ya kompyuta haviuzwi dukani. Tasnifu ya miezi minane, picha za harusi, daftari la chama, vikipotea, vimepotea.

Nitautaja msimamo wangu mapema. Kwa jamaa nyingi za mjini zenye kompyuta moja au mbili, hakuna haja ya kulipia kinga ya virusi. Wapo wanaofaa kulipa, nao nitawataja. Lakini sababu ya kulipa isiwe lile dirisha jekundu.

Hebu soma tena maneno yake. Programu iliyonasa virusi kwa kweli hutaja vitu: jina la virusi, jina la faili na mahali faili hilo lilipo. Husema pia imelifanya nini, kama imelifungia mahali au imelifuta. Dirisha la matangazo halitaji faili lolote. Linataja hatari kwa jumla, kisha bei. La kwanza limetoka kwa mlinzi, la pili limetoka kwa karani wa mauzo aliyevaa sare ya mlinzi.

Lipo na la tatu, nalo ni baya kuliko yote mawili. Unasoma habari katika intaneti, ghafla ukurasa mzima unageuka na kudai kwamba kompyuta imekaguliwa na virusi kadhaa vimepatikana. Ukurasa wa intaneti hauwezi kukagua diski yako kwa sababu tu umeufungua. Huo ni uongo mtupu. Mwezi Machi mwaka wa 2024, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni mbili, Restoro na Reimage, zingelipa dola milioni 26 baada ya kudaiwa kuwahadaa watu, hasa wazee, kwa maonyo ya namna hii ili wanunue huduma za kutengeneza kompyuta zisizo na ubovu wowote. Ukikutana na ukurasa kama huo usibofye kitu ndani yake, hata kile kimsalaba cha kufungia. Funga programu nzima ya intaneti, na ikikataa, zima kompyuta.

Sasa, hizi programu za bure zenyewe. Watu huuliza: kama ni bure, waliozitengeneza hula nini? Ni swali zuri, na jibu lake halipendezi sana. Wengi wao huishi kwa kukusumbua hadi ulipe, ndiyo sababu ya yale madirisha. Hilo laweza kuvumilika. Lakini Avast, kampuni iliyoanzia Prague na ambayo kinga yake ya bure ilienea sana duniani, Kenya ikiwemo, ilikwenda mbali zaidi. Kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot, iliuza habari za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea. Jumpshot ilifungwa Januari 2020 baada ya mambo kufichuka, na mnamo Februari 2024 Tume hiyo hiyo ya Marekani ikaiagiza Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza habari hizo kwa ajili ya matangazo. Fikiria: programu uliyoiweka ili izuie wachunguzi ndiyo iliyokuwa ikikuchunguza.

Isitoshe, anayedhani atakimbilia jina jingine aangalie vizuri. Avast iliinunua AVG mwaka wa 2016. Norton nayo iliichukua Avira, kisha mwaka wa 2022 Norton na Avast zikaungana, na sasa zote nne zimo chini ya kampuni moja iitwayo Gen. Ni kama kugombana na mwenye duka, ukavuka barabara kwa hasira na kuingia duka la pili, kumbe nalo ni lake.

Tuje sasa kwa jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kulitaja. Ikiwa kompyuta yako inatumia Windows 10 au Windows 11, tayari ina mlinzi wake wa ndani, naye halipwi. Anaitwa Microsoft Defender. Microsoft ilianza kutoa kinga ya bure mwaka wa 2009 kwa jina la Security Essentials, kisha kuanzia Windows 8 ya mwaka wa 2012 ikaijenga ndani ya Windows yenyewe. Miaka ile ya kwanza haikusifiwa. Maabara ya AV-TEST iliyoko Magdeburg, Ujerumani, ambayo kazi yake ni kuzipima programu hizi, iliipa alama duni, na fundi aliyekushauri wakati huo utafute kinga nyingine hakukudanganya. Lakini mambo yalibadilika. Kwa miaka kadhaa imekuwa ikipata alama za juu katika maabara hiyo hiyo, bega kwa bega na zile za kulipiwa. Tatizo ni kwamba mafundi wengi mjini bado wanatoa ushauri wa mwaka wa 2012.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, andika Windows Security, kisha ufungue. Ukiona alama za vema za kijani, mlinzi yuko kazini. Ukiona jina la kampuni nyingine hapo, maana yake Defender amempisha huyo mwingine, maana walinzi wawili hawalindi lango moja kwa wakati mmoja. Usiweke programu mbili za namna hii ukidhani utakuwa salama maradufu. Zitakwaruzana, na kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 itatembea kama matatu mbovu ikipanda mlima.

Basi anayelipa hupata nini zaidi? Aghalabu kampuni hutumia injini ile ile ya kunasa virusi katika programu yake ya bure na ile ya kulipiwa. Kinachoongezwa ni vikolombwezo. Kuna huduma ya kuficha njia unayopita katika intaneti, ambayo mwanafunzi anayesoma nyumbani haihitaji sana. Kuna ghala la kutunzia maneno ya siri, ambalo ni jambo zuri mno, lakini Chrome na Firefox zinalo bure. Kuna vidhibiti vya watoto. Microsoft Family Safety na Google Family Link hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila malipo. Kuna pia huduma ya kukufuatilizia kama mtu ameiba jina lako na kulikopea pesa. Hii imeundwa zaidi kwa ajili ya Marekani na nchi chache nyingine, na kabla hujailipia ukiwa Buruburu au Rongai, uliza kama yafanya kazi Kenya.

Hayo tisa. La kumi ni hili: mwizi wa nyumba yako hupitia wapi? Nasema hivi kwa kuwa jamaa nyingi hubishana juu ya bei ya kufuli huku dirisha la jikoni li wazi.

Njia ya kwanza ni flashi. Kila mwanafunzi aijua safari yake: kutoka chuo hadi saiba ya kupigia chapa, kutoka saiba hadi kwa rafiki, kutoka kwa rafiki hadi nyumbani. Virusi vya Brain vya mwaka wa 1986, vilivyotengenezwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, vilisafiri kwa diski laini za wakati huo, na flashi ndiyo iliyorithi kazi hiyo. Siku moja unaichomeka na kukuta folda zako zote zimegeuka vijialama vyenye kishale pembeni. Mtoto anaangua kilio kwamba kazi ya muhula mzima imefutwa. Mara nyingi haijafutwa. Virusi vya aina hii huzificha folda za kweli na kuweka njia za mkato mahali pake, ili ukibofya ndipo navyo viingie. Kwa hivyo usibofye. Wala usikubali mtu yeyote aifomati flashi hiyo kabla ya kujaribu kuokoa vitu. Ikague kwa Defender, kisha iamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, pamoja na yale ya mfumo, nawe utaona folda zako zikiwa zimekaa palepale zilipokuwa. Zihamishe kwingine. Kazi hii yote haihitaji programu ya kulipiwa.

Njia ya pili hatupendi kuizungumzia mbele ya watoto. Ni zile programu za wizi. Kijana anataka programu ya kuchora ramani za majengo au ya kuhariri video, bei yake ni ya kutisha, basi anaipata bure kwa rafiki pamoja na kijiprogramu cha kuvunjia kufuli. Maagizo yanayoandamana nayo aghalabu huanza hivi: zima kinga ya virusi kwanza. Naye anazima! Ukishampokea mgeni mwenyewe, ukamfunga mbwa na kumkabidhi mgeni ufunguo wa chumba cha kulala, haijalishi mbwa alinunuliwa kwa pesa ngapi. Mzazi unayetaka kulipia kinga ya kompyuta, muulize kwanza kijana wako ni mara ngapi ameizima hiyo iliyopo. Kwa kazi nyingi za shule ipo LibreOffice, ambayo ni bure na halali. Vyuo vingi pia huwapa wanafunzi wao programu za Microsoft kwa anwani ya barua-pepe ya chuo. Uliza kabla ya kuiba.

Njia ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ni mfumo wenyewe kuachwa bila kusasishwa.

Tarehe 12 Mei mwaka wa 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zipatazo 150 kwa siku chache. Vilifunga mafaili ya watu kwa ufunguo wa siri na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu na kuwarudisha wagonjwa. Sasa sikiliza: Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta iliyokuwa imepokea kiraka hicho haikuingilika kupitia tundu lile. Kilichowaponza wengi ni kutosasisha mfumo, wala si aina ya kinga waliyokuwa nayo.

Hapa kwetu sababu ya kutosasisha twaijua. Ni bando. Mtu ananunua bando la siku moja, anawasha hotspoti ya simu, na kabla hajafungua barua-pepe moja Windows imekwishakula nusu yake. Anakasirika, anamwita fundi, fundi anazima masasisho yote, na mwaka unapita. Yapo mambo mawili ya kufanya badala yake. Katika mipangilio ya mtandao, iambie Windows kwamba hotspoti hiyo ni ya kulipiwa kwa kipimo. Itapunguza kushusha vitu vikubwa. Kisha mara moja kwa juma ipeleke laptopu penye waifai ya bure unayoiamini, chuoni, kazini au kwa shangazi, uiache isasishe wakati mnakunywa chai.

Kisha kuna suala la umri wa Windows yenyewe. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Jambo hili linazigusa nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa na Kisumu kwa sababu laptopu tunazonunua mjini aghalabu ni zile za ex-UK, zilizokwishatumika ofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa. Nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba, ilhali Windows 11, isipokuwa kwa vighairi vichache, hutaka kuanzia kizazi cha nane. Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani wa kufikia tarehe 13 Oktoba 2026, ambao mtu angeweza kujiunga nao bila kulipa kwa kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft, au kwa dola 30. Defender yeye ameahidiwa kuendelea kupokea orodha za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi mwaka wa 2028. Lakini usidanganyike. Mlinzi ataendelea kuletewa picha za wezi, ila bawaba za mlango zinaoza na hakuna seremala anayekuja.

Kwa mwenye mashine kama hiyo, kununua kinga ya Sh2,000 au Sh3,000, tuseme, ni kupaka rangi nyumba yenye paa linalovuja. Kama mashine inakubali Windows 11, ihamishe; ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Kama haikubali, na kazi yake ni kuandika, kusoma na kuingia intaneti, mwombe kijana aliyesomea mambo haya aiwekee Linux, mathalani Ubuntu au Mint, ambazo hazina malipo. Na unaponunua laptopu nyingine ya ex-UK, swali la kwanza kwa muuzaji liwe kizazi cha prosesa kabla ya ukubwa wa kioo.

Nimetaja virusi vya fidia. Hakuna kinga, ya bure wala ya dhahabu, inayoweza kuapa kwamba havitapita kamwe. Ndani ya Defender kuna kizuizi cha kulinda folda muhimu dhidi ya programu zisizojulikana, nacho huja kikiwa kimezimwa. Kitafute chini ya ulinzi wa virusi, sehemu ya ransomware, ukiwashe. Huenda kikakusumbua mwanzoni kwa kuzizuia hata programu njema. Hata hivyo, dawa yenyewe ni nakala. Pesa ambazo ungelipia kinga zinunulie flashi kubwa au diski ya nje, nakili tasnifu, picha na hesabu, kisha ichomoe uiweke kabatini. Kuichomoa ni lazima, kwani diski iliyoachwa imechomekwa itafungwa pamoja na kompyuta. Kazi ya chuo iweke pia katika Google Drive, ambako akaunti ya bure ina GB 15. Tasnifu haijai hata kona moja ya nafasi hiyo. Mwanafunzi ambaye kazi yake yote imo katika flashi moja mfukoni hana nakala. Ana kazi moja tu, nayo i mfukoni, ndani ya matatu, saa kumi na mbili jioni.

Nani basi alipe? Mwenye biashara. Ikiwa kompyuta ya nyumbani ndiyo pia ya duka, ya saiba au ya kliniki ndogo, soma masharti ya hiyo kinga ya bure: nyingi, Avast ikiwemo, huruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani yasiyo ya biashara tu. Tena, mwenye kutunza habari za wateja ana wajibu wa kuzilinda chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Mwingine ni yule mwenye mashine tano au sita nyumbani na hana mtu wa kuzitazama, anayetaka nambari ya simu ya kupiga mambo yakiharibika. Huyo ananunua utulivu, na utulivu una bei yake. Na mwenye wazazi wazee wanaobofya kila kitu huenda akaona afadhali alipe, ingawa ningemshauri kwanza awafungulie akaunti ya Windows isiyokuwa na ruhusa ya kuweka programu mpya.

Mlaghai anayekupigia simu akidai ametuma pesa za M-Pesa kwa makosa, huyo hayumo kabisa katika hesabu hii. Hakuna kinga ya kompyuta itakayoizuia sauti yake.

Ukiamua kulipa, tazama mambo machache. Bei inayotangazwa aghalabu ni ya mwaka wa kwanza, na ya mwaka wa pili huwa juu zaidi, wakati mwingine maradufu. Ukilipa kwa kadi ya benki, malipo hujirudia yenyewe mwaka ukiisha mpaka uyazime katika akaunti yako; yazime siku ile ile uliyonunua, maana mwaka ujao hutakumbuka. Ukinunua kiboksi dukani, angalia kwamba karatasi ya namba haijakwaruzwa, na uliza mwaka unahesabiwa kuanzia siku ya kuwasha au ya kuuziwa.

Na kama ulikwishalipa kabla ya kusoma haya, usiitupe. Itumie mpaka muda wake uishe. Siku hiyo itakapofika, madirisha mekundu yatakuja kwa fujo kuliko awali. Ingia katika mipangilio, fungua orodha ya programu, uiondoe yote, kisha uzime kompyuta na kuiwasha upya. Defender atarudi lindoni mwenyewe. Fungua Windows Security, hakikisha alama ya kijani ipo, halafu mwachie mtoto amalizie kazi yake.